Simon: Simu ya tachi iliyoingia sokoni karibu miaka 13 kabla ya iPhone

Ukimuuliza mtu simu janja ya kwanza ya tachi ilikuwa ipi, mara nyingi atakujibu: iPhone. Jibu hilo limekosea kwa karibu miaka 13.

iPhone ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007. Lakini kuanzia tarehe 16 Agosti 1994, katika nchi hiyo hiyo, mtu mwenye hela zake aliweza kununua simu isiyo na batani za namba, yenye kioo cha kugusa, kalenda, daftari, barua pepe na faksi. Iliitwa Simon. Walioibuni ni IBM, kampuni ambayo dunia iliijua kwa kompyuta, si kwa simu.

Miezi sita baadaye ilikuwa imeshaondolewa sokoni. Watu wengi wanaopangusa kioo cha simu kila siku hawajawahi hata kulisikia jina lake.

Wazo lilitoka Florida

Boca Raton ni mji wa pwani katika jimbo la Florida. Hapo IBM ilikuwa na kituo chenye historia yake: kompyuta binafsi ya IBM PC, ile iliyozinduliwa mwaka 1981 na kuigwa na kampuni chungu nzima, iliundwa hapo hapo. Miaka kumi hivi baadaye, mhandisi wa kituo hicho aliyeitwa Frank Canova aliona jambo moja: vipande vya kompyuta vinazidi kuwa vidogo. Kama ni hivyo, kwa nini kompyuta isiingie ndani ya simu?

Ili kuelewa uzito wa swali hilo, mkumbuke mfanyabiashara wa Marekani wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Simu ya mkononi alikuwa nayo, lakini kazi yake ilikuwa moja tu, kupiga na kupokea. Ratiba zake ziko kwenye shajara ya karatasi. Peja imening'inia kwenye mkanda. Mashine ya faksi iko ofisini. Barua pepe, kama anayo, inamsubiri kwenye kompyuta ya mezani. Canova na wenzake walitaka vitu vyote hivyo viwe kifaa kimoja.

Walitengeneza mfano wa majaribio haraka haraka ili uwahi COMDEX, maonyesho makubwa ya kompyuta yaliyokuwa yakifanyika Las Vegas. Ndani ya kampuni mradi ulipewa jina la siri, Sweetspot. Novemba 1992 ukaonyeshwa hadharani, na siku iliyofuata gazeti la USA Today likachapisha picha ya Canova akiwa ameshika simu hiyo, kwenye ukurasa wa mbele wa sehemu yake ya fedha.

Wiki mbili hivi baadaye, tarehe 3 Desemba 1992, ndipo ujumbe mfupi wa kwanza wa SMS ulipotumwa huko Uingereza. Yaani kioo cha kugusa kwenye simu kilionyeshwa kwa umma kabla meseji ya kwanza haijatumwa.

Kioo badala ya batani

Hapa ndipo penye kiini cha Simon, na panastahili maelezo kidogo.

Simu za wakati ule zilikuwa na batani 12 za kupigia na kidirisha kidogo cha kuonyesha namba. Mtengenezaji akitaka kuongeza kazi mpya, ilibidi aongeze batani mpya, au aipe batani moja kazi mbili tatu. Simu inajaa vitufe, mtumiaji anachanganyikiwa. Na batani ikishatengenezwa, imetengenezwa. Huwezi kuigeuza kesho ikawa kitu kingine.

Timu ya Canova ilizifuta batani za namba na kuweka kioo kirefu chembamba, urefu wa inchi 4.5 na upana wa inchi 1.4. Batani zikawa picha inayochorwa na programu. Ukitaka kupiga simu, kioo kinakuchorea namba. Ukitaka kuandika, namba zinaondoka na herufi zinakuja. Ukifungua kalenda, herufi nazo zinaondoka, unaona tarehe. Kifaa ni kile kile, uso unabadilika kila mara kufuata kazi.

Leo jambo hili linaonekana la kawaida mno. Lakini Steve Jobs wa Apple alipopanda jukwaani tarehe 9 Januari 2007 kuitambulisha iPhone, hoja yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo: simu za washindani zina batani za plastiki zisizobadilika, hata kama programu unayotumia haizihitaji. Kifaa kilichotatua tatizo hilo kilikuwa kimeshauzwa na kusahauliwa.

Kioo cha Simon hakikufanya kazi kama cha simu yako ya sasa. Simu za siku hizi zinahisi badiliko dogo la umeme kwenye kioo linaloletwa na kidole chako, kwa kuwa mwili unapitisha umeme, ndiyo maana ukivaa glavu nzito haziitiki. Kioo cha Simon kilikuwa na tabaka mbili, na ilibidi ukikandamize ili ya juu iguse ya chini. Kidole kilifaa, ukucha ulifaa, na kalamu maalumu iliyokuja nayo ndiyo iliyofaa zaidi, maana herufi za kuandikia zilikuwa ndogo kweli. Rangi hazikuwepo. Kila kitu kilionekana kwa weusi juu ya mwanga hafifu, kwa nukta 160 kwa 293.

Kulikuwa pia na kibodi ya pili, na hii ndiyo inayoshangaza. Badala ya kukuonyesha herufi zote, ilikukisia: ukiandika herufi moja, inakuletea chache zinazoelekea kufuata. Mababu wa kile kinachokumalizia maneno unapochati leo.

Kutoka Sweetspot hadi Simon

IBM haikuwa na mtandao wa simu, kwa hiyo ilihitaji mshirika. Ikampata BellSouth, kampuni ya simu ya majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani. Kazi ya kuitengeneza kiwandani ilipewa Mitsubishi Electric ya Japani. Jina kamili likawa Simon Personal Communicator. Neno simu janja lilikuwa bado halijaingia midomoni mwa watu.

Novemba 1993 Simon ilizinduliwa kwenye mkutano wa teknolojia za mawasiliano mjini Orlando. Mpango ulikuwa mauzo yaanze Mei 1994. Mei ikafika, programu zikawa na matatizo, tarehe ikasogezwa. Agosti ndipo ilipoingia madukani, tena katika majimbo 15 tu, yale yaliyofikiwa na mtandao wa BellSouth.

Bei ilikuwa dola 899 kwa mteja aliyekubali mkataba wa miaka miwili. Bila mkataba, dola 1,099. Na hizo ni dola za mwaka 1994.

Nusu kilo mkononi

Simon ilikuwa na uzito wa gramu 510. Chukua pakiti ya nusu kilo ya sukari, iweke sikioni, ongea nayo dakika kumi, utapata picha. Urefu wake ulikaribia sentimita 20 na unene ulikaribia sentimita 4. Mfuko wa shati ulikuwa hauna habari nayo.

Ndani yake kulikuwa na prosesa ya megahezi 16, kumbukumbu ya megabaiti 1 na hifadhi ya megabaiti 1. Picha moja tu iliyopigwa na simu ya kawaida siku hizi inaweza kuijaza hifadhi hiyo yote na kubaki nje. Mfumo uliouendesha ulikuwa wa familia ya DOS, ile ile ya kompyuta za mezani za enzi hizo, ila umefichwa nyuma ya vialama vya kugusa ili mtumiaji asiuone.

Vialama hivyo vilikuwa vya vitu ambavyo bado viko kwenye simu yako: kitabu cha majina, kalenda, ratiba ya miadi, kikokotoo, saa ya dunia, daftari. Ungeweza kuandika au kuchora kwa kalamu juu ya kioo na kuutuma mchoro huo kama faksi. Faksi ikikujia ukiwa njiani, unaisoma pale pale. Kwa mwanasheria au dalali wa mwaka 1994, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko barua pepe.

Barua pepe ilikuwepo, lakini tuangalie kasi. Modemu ya Simon ilipitisha biti 2,400 kwa sekunde, sawa na baiti 300. Hiyo inatosha maneno. Sasa chukua picha ya megabaiti 3, kama zile zinazorushwa kwenye magrupu ya familia kila asubuhi. Kwa kasi hiyo ingechukua karibu saa 2 na dakika 47 kufika.

Nayo isingefika, kwa sababu betri ilikuwa inadumu saa moja ya maongezi. Ikiachwa imewashwa bila kutumika, saa nane hivi. Kwenye boksi walikuwa wanakupa betri mbili na kituo cha kuchajia mezani, jambo linaloonyesha kwamba wenyewe walilijua tatizo.

Bando la intaneti halikuwepo. Data ilipita kwenye laini ile ile ya maongezi, kwa hiyo muda uliotumia kutuma barua pepe ulihesabiwa kama muda wa kupiga simu. Na duka la programu? Ubavuni kulikuwa na tundu la kuchomeka kadi, zenye ukubwa wa kadi ya benki ila nene zaidi, kwa ajili ya kuongeza kumbukumbu au programu. Programu moja tu kutoka kwa watengenezaji wa nje iliwahi kufika sokoni, iliyoitwa DispatchIt. Sehemu yake ya ofisini iliuzwa dola 2,999, na kila simu ikalipiwa dola 299 nyingine. Kwa bei hiyo, mtu wa kawaida hakuhusika kabisa.

Ilikosa nini?

Zilizouzwa ni kama 50,000. BellSouth ilishusha bei hadi dola 599 kwa wenye mkataba, lakini Februari 1995 mauzo yakafungwa.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Simon ilikuwa nzito, ghali na betri yake mbovu. Ni kweli. Miaka hiyo simu za kawaida zilikuwa zinashindania udogo. Mwanzoni mwa 1996 Motorola ikaleta StarTAC, simu ya kukunja yenye gramu 88. Mteja aliyekuwa anataka kuongea tu hakuwa na sababu ya kutembea na nusu kilo.

Ila hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko ndani ya IBM yenyewe.

Mwaka 1993 kampuni hiyo ilipata hasara ya kama dola bilioni 8. Aprili mwaka huo ilimleta bosi mpya kutoka nje, Lou Gerstner, ambaye hapo awali aliongoza kampuni ya vyakula na sigara. Kazi yake ilikuwa kuiokoa IBM isife. Maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi walipunguzwa, vitengo vikabanwa, na miradi isiyogusa wateja wakubwa wa kampuni ikaanza kuulizwa inaleta nini. Simu ya mkononi kwa ajili ya raia wa kawaida haikuwa na mtetezi. Kazi ya toleo la pili, dogo zaidi, ilikuwa imeshaanza. Ikafutwa.

Huwezi kumlaumu sana Gerstner. IBM ilipona, na ilipona kwa kujikita kwenye huduma kwa makampuni. Lakini ukiangalia kilichotokea kwa wengine, ni hilo toleo la pili ndilo lililoiua Simon kuliko betri.

Tuchukue iPhone ya kwanza. Nayo ilikuwa na mapungufu ya wazi. Haikuwa na 3G wakati washindani wanayo. Haikuweza kunakili na kubandika maandishi. Haikuwa na App Store, maana duka hilo lilifunguliwa Julai 2008. Ilianzia dola 499, na wapo waliocheka kwamba hakuna atakayeinunua. Iliuzwa milioni moja ndani ya siku 74, lakini iliyofungua milango ni iliyofuata: iPhone 3G ya Julai 2008, yenye mtandao wa kasi, duka la programu na bei ya kuanzia dola 199 kwa wenye mkataba. Apple ilipata mwaka mmoja wa kurekebisha makosa yake mbele ya wateja. Simon ilipata miezi sita, katika kona moja ya Marekani, kisha basi.

Wazo lililochukua muda kuaminika

Baada ya Simon, watengenezaji walirudi kwenye batani kwa miaka mingi. Nokia ilileta 9000 Communicator mwaka 1996, simu nene inayofunguka kama kitabu, yenye kibodi kamili ndani. BlackBerry ikajenga jina lake juu ya vitufe vidogo vya herufi. Ericsson ilijaribu kioo cha kugusa kwenye R380 ya mwaka 2000, ila ilikifunika kwa kifuniko chenye batani za namba, kana kwamba inaona aibu. Kabla tu iPhone haijaingia madukani mwaka 2007, LG ilikuwa imeshaanza kuuza Prada, simu ya kuguswa kwa kidole bila kalamu. Hata simu ya kwanza ya Android kuuzwa, T-Mobile G1 ya Oktoba 2008 iliyotengenezwa na HTC, ilikuwa na kibodi ya batani iliyojificha chini ya kioo.

Yaani miaka 14 baada ya Simon, bado wapo waliokuwa wanaogopa kuziacha batani.

Canova mwenyewe baadaye alifanya kazi Palm, kampuni iliyovuma kwa kompyuta ndogo za kiganjani zinazoandikiwa kwa kalamu.

Na BellSouth? Hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mwaka 2000 kampuni hiyo iliunganisha biashara yake ya simu za mkononi na ile ya SBC, wakaanzisha Cingular. SBC ikainunua AT&T na kulichukua jina hilo. Mwishoni mwa Desemba 2006, AT&T hiyo mpya ikainunua BellSouth nzima. Siku chache baadaye, Jobs alipotangaza kampuni pekee ya simu itakayoiuza iPhone nchini Marekani, jina alilolitaja lilikuwa Cingular. Kwa hiyo mtandao ulioiuza Simon ikashindikana ndio uliokuja kuwa sehemu ya mtandao ulioiuza iPhone.

Simon bado zipo, chache. Oktoba 2014, miaka 20 baada ya mauzo kuanza, jumba la makumbusho ya sayansi la London liliiweka moja kwenye ukumbi wake mpya wa historia ya mawasiliano. Nyingine ziko mikononi mwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Iliyotunzwa vizuri na kupewa umeme bado inaweza kuwaka, ikakuonyesha kalenda, ikakupigia hesabu, ikakuchorea zile namba za kupiga simu. Ila ukizibonyeza hakuna mnara utakaoitika. Simon ilitumia mtandao wa zamani wa analojia, na tangu tarehe 18 Februari 2008 kampuni za simu za Marekani hazilazimiki tena kuuendesha. Kubwa kati yao zikauzima.